Mkimbizi Asiye na Hema: Mapatano ya 2008, Msamiati wa Amani na Mzigo wa Kisii na Nyamira

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi Kenya ilivyojaribu kupona baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, yakiitazama safari hiyo kutoka kaunti za Kisii na Nyamira. Hoja kuu ni kwamba uponyaji wa taifa ulipimwa kwa mahema yaliyoonekana, ilhali Wagusii wengi waliofurushwa Bonde la Ufa walipokelewa na jamaa zao, wakawa wakimbizi wasio na hema. Makala yanayachambua maneno matatu ya Kiswahili yaliyotawala mjadala wa amani, yaani nyumbani, mkimbizi na jirani, na kuonyesha jinsi kila moja lilivyofichua jambo na kuficha jingine. Mfano wa El Salvador umetumiwa ili kuonyesha hatari ya kuwarudisha watu katika ardhi iliyojaa bila kuwatengenezea mahali pa kukaa.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia. Methali hii ilitajwa mara nyingi nchini Kenya mwanzoni mwa mwaka 2008. Hata hivyo, methali haielezi nyasi hufanyaje tembo wanapokwisha kupatana. Je, huinuka zenyewe, au zinahitaji mtu wa kuziinua? Swali hilo ndilo linaloongoza makala haya.

Matokeo ya uchaguzi wa urais yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007. Kwa muda wa miezi miwili iliyofuata, kwa mujibu wa Tume ya Waki iliyochunguza ghasia hizo, watu 1,133 walipoteza maisha. Takwimu za serikali zilionyesha kuwa zaidi ya watu 660,000 walifurushwa makwao. Kati yao, takribani 350,000 waliishi katika kambi 118, na takribani 314,000 walipokelewa na jamaa, marafiki au wenyeji wengine. Msomaji azitazame tena takwimu hizo mbili za mwisho, kwa maana zinakaribiana. Kwa kila mkimbizi aliyelala hemani, alikuwako mwingine karibu naye kwa idadi aliyelala jikoni kwa ndugu yake. Wa kwanza alipigwa picha na kutembelewa na wageni mashuhuri. Wa pili hakuonekana. Kisii na Nyamira ni miongoni mwa sehemu zilizobeba kundi hilo la pili.

2.0 Usuli: Ardhi, Uhamiaji na Mpaka

Ghasia za 2008 haziwezi kueleweka bila kutazama ardhi ya Gusii. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ina watu 1,266,860, na Nyamira ina watu 605,576. Katika Kisii watu zaidi ya 950 huishi katika kila kilomita mraba moja, na katika Nyamira zaidi ya 670, ilhali wastani wa nchi nzima ni watu 82. Kwa desturi, Wagusii humgawia kila mwana wa kiume sehemu ya shamba kwa kufuata nyumba ya mama yake, yaani enyomba. Baada ya vizazi kadhaa, shamba la babu hubaki vipande ambavyo havitoshi chakula cha mwaka.

Kwa sababu hiyo, Wagusii wengi walitoka. Wapo walioajiriwa katika mashamba ya chai ya Kericho, wapo waliofungua maduka Eldoret, Nakuru na Kisumu, na wapo walionunua ardhi Bonde la Ufa. Wengine walihamia karibu zaidi, katika Borabu. Sehemu hiyo ilikuwa ya walowezi Wazungu wakati wa ukoloni. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1960, mashamba hayo yaligawanywa kupitia mipango ya makazi: Wagusii wakapata upande wa Borabu, na Wakipsigis wakapata upande wa Sotik. Kwa namna hiyo, jamii mbili zilizokuwa zimetenganishwa na mashamba ya mlowezi zilikutana uso kwa uso, na katikati yao pakawa na soko la Chebilat, penye barabara itokayo Kisii na Keroka kwenda Sotik.

Ujirani huo ulikuwa na kumbukumbu ndefu. Jamii zote mbili husimulia vita vikubwa vilivyopiganwa baina yao mwishoni mwa karne ya 19, ambavyo Wagusii huviita Saosao. Lakini itakuwa kosa kudai kwamba uhasama wa mababu ndio uliozaa moto wa nyakati zetu. Watu wa pande hizo waliuziana nafaka na mifugo, na wakaoana. Ghasia za mpakani za mwaka 1992 zilizuka wakati mfumo wa vyama vingi uliporejea, na Tume ya Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998 na ambayo ripoti yake ilitolewa hadharani mwaka 2002, iliihusisha siasa na machafuko ya kikabila ya kipindi hicho. Wizi wa mifugo uliliendeleza donda hilo lisipone.

Mwaka 2008 donda lilitoneshwa. Ingawa kura za Wagusii ziligawanyika baina ya vyama, katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa na katika Kisumu walihesabiwa kuwa wafuasi wa upande mmoja. Tarehe 31 Januari 2008, mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, aliuawa kwa risasi na afisa wa polisi mjini Eldoret. Afisa huyo alikuwa Mgusii, na jambo hilo lilitosha kuwafanya watu wasiomjua walipie kitendo chake. Familia za Wagusii zilikimbia Kericho na viunga vyake. Mpakani mwa Borabu na Sotik vijana walikabiliana kwa pinde na mishale, nyumba zikachomwa, na watu wa pande zote mbili wakaachwa bila makao.

3.0 Mkono wa Nje

Kenya haikujizimia moto peke yake. Mwanzoni mwa Januari 2008 alifika John Kufuor, Rais wa Ghana na mwenyekiti wa Umoja wa Afrika wakati huo. Tarehe 22 Januari aliwasili Kofi Annan, aliyeongoza jopo la wazee wa Afrika pamoja na Benjamin Mkapa wa Tanzania na Graça Machel wa Msumbiji. Mwezi wa Februari, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Condoleezza Rice, alikuja Nairobi kushinikiza maelewano. Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania, aliyekuwa amekwisha kuupokea uenyekiti wa Umoja wa Afrika, alishiriki katika hatua ya mwisho. Tarehe 28 Februari 2008, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini mwafaka. Serikali ya mseto, ambayo raia waliibatiza jina la nusu mkate, iliapishwa mwezi wa Aprili.

Si vigumu kuelewa kwa nini majirani walihangaika. Mafuta na bidhaa za Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo hupita katika barabara itokayo Mombasa, na barabara hiyo ilipofungwa huko Bonde la Ufa, bei zilipanda Kampala na Kigali. Maelfu ya Wakenya nao walivuka mpaka kuingia Uganda. Nchi iliyozoea kuwapokea wakimbizi wa wenzake ikajikuta inawatoa wake.

Mazungumzo ya Annan yalikuwa na ajenda nne. Tatu za kwanza zilihusu kukomesha ghasia, kuwasaidia waathiriwa na kutatua mzozo wa madaraka. Ajenda ya nne iligusa mizizi: ardhi, ukosefu wa kazi, ukosefu wa usawa na katiba. Ajenda hiyo ilizaa matunda makubwa. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliundwa kwa sheria ya mwaka 2008, na Katiba mpya ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Serikali za kaunti zilianza kazi mwaka 2013, Kisii na Nyamira zikiwa miongoni mwake. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliwasilisha ripoti yake Mei 2013.

Mkono wa nje uligusa pia mambo ya haki. Desemba 2010, mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai aliwataja Wakenya sita. Mashtaka dhidi ya wanne yalithibitishwa Januari 2012. Kesi dhidi ya Uhuru Kenyatta iliondolewa Desemba 2014, na ile ya William Ruto na mwanahabari Joshua Sang ikasitishwa Aprili 2016. Katika kipindi hicho uhusiano wa Kenya na mataifa ya nje uligeuka kuwa mjadala juu ya washtakiwa. Magazeti yaliandika juu ya The Hague kuliko yalivyoandika juu ya Chebilat. Aliyenyang'anywa ng'ombe na kuchomewa nyumba alitajwa kama ushahidi wa kesi, na kesi ilipokwisha, naye akasahaulika.

4.0 Msamiati wa Amani

Maelewano ya Nairobi yaliandikwa kwa Kiingereza, lakini utekelezaji wake ulitangazwa kwa Kiswahili. Mei 2008 serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani ili kuwatoa watu kambini. Ilifuatwa na Operesheni Tujenge Pamoja, ya kujenga upya nyumba, na Operesheni Ujirani Mwema, ya kuhimiza jamii kuishi pamoja. Majina haya yanastahili kuchambuliwa kama yanavyochambuliwa majina ya wahusika katika fasihi, kwa kuwa jina humwelekeza mtu katika kutazama.

4.1 Nyumbani

Kisarufi, neno hili ni nomino nyumba iliyopokea kiambishi cha mahali, -ni. Kwa hivyo, panapokosekana nyumba, neno lenyewe linatikisika. Katika lugha ya serikali, kurudi nyumbani kulikuwa kurudi Kericho, Eldoret au Molo, mahali mtu alipofurushwa. Katika lugha ya Mgusii, inka, yaani nyumbani, ni penye boma la baba na makaburi ya mababu. Neno moja likaelekeza safari mbili zinazopingana.

Aidha, neno hilo lilikwisha kutumiwa kama silaha. Wale waliowafurusha wenzao mwaka 1992 na mwaka 2008 waliwaambia warudi kwao. Mtu aliyezaliwa Kericho, akasoma Kericho na kuzalia watoto wake Kericho, alipofika Nyamira akiwa na kifurushi kimoja, jamaa walimwambia amerudi nyumbani. Walisema hivyo kwa upendo. Hata hivyo, kauli hiyo ya upendo ilikubaliana bila kukusudia na kauli ya waliomfukuza, kwamba hakuwa kwao alikotoka. Hapo ndipo ugumu wa neno unapoonekana: nyumbani pa mkimbizi huyu palikuwa mahali pawili, na pote pawili hapakuwa na nyumba.

4.2 Mkimbizi

Nomino hii imeundwa kutokana na kitenzi kimbia, na umbo lake ni la mtenda, kama msomi au mwandishi. Inamtaja mtu kwa kitendo alichokitenda yeye, yaani kukimbia, na inamwacha nje yule aliyemkimbiza. Neno mwathiriwa, lililoenea baadaye, lina umbo la mtendwa, na kwa hiyo linaacha nafasi ya kuuliza: aliathiriwa na nani? Tofauti hii ya kisarufi ina uzito wa kisheria. Mkimbizi hupewa msaada, ilhali mtendwa hudai haki.

Katika mazoea ya watu, mkimbizi ana sharti jingine, yaani hema. Operesheni Rudi Nyumbani ilitoa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na shilingi 25,000 kwa aliyechomewa nyumba, lakini macho yake yalielekea kambini. Mpango wa kununua ardhi kwa ajili ya waliokosa makao nao ulielekezwa hasa kwa waliokuwa kambini. Waliopokelewa na jamaa zao, wakiwemo wale wa Kisii na Nyamira, waliendelea kudai fidia kwa miaka mingi huku wakielezwa kama watu waliokwisha kutangamana na jamii. Neno kutangamana lina sauti tamu, lakini je, ni kutangamana gani kwa familia ya watu saba kuishi katika chumba cha kaka aliye na nusu ekari?

Methali husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika Gusii jembe lilikuwako, ila shamba la kulimwa halikuwako. Sehemu ambayo ingekuwa ya ndugu aliyehama ilikwisha kugawanywa au kupandwa chai na waliobaki. Kurejea kwake kukawa swali la urithi, na swali la urithi likawa ugomvi wa ndugu. Hivyo vita vilivyotajwa kuwa vya makabila viliingia katika boma moja na kuwatenganisha waliozaliwa na mama mmoja. Mzigo huo haukuingia katika hesabu yoyote ya taifa.

Inafaa kutaja kwamba dawa ya kisheria ilipatikana, nayo ilitoka katika uhusiano wa kimataifa usiopigiwa makelele. Desemba 2006, nchi za Maziwa Makuu zilitia saini jijini Nairobi mkataba wa usalama na maendeleo wenye itifaki juu ya watu waliofurushwa ndani ya nchi zao. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 kuhusu watu hao ilitokana na itifaki hiyo, na ndani yake mtu huhesabiwa kuwa amefurushwa kwa sababu ya kulazimika kuacha makao yake. Hema si sharti. Kwa mwathiriwa wa Nyamira, ufafanuzi huo ulikuwa na thamani kuliko hotuba nyingi, lakini ulifika miaka minne baada ya moto.

4.3 Jirani

Katika riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, iliyotoka mwaka 2014, Ridhaa, ambaye ni daktari, anapoteza jamaa zake katika moto unaofuata uchaguzi. Anayehusika na unyama huo ni Mzee Kedi, jirani wa miaka mingi. Mwandishi angeweza kumleta adui kutoka mbali. Kwa kumchagua jirani, ameonyesha kiini cha tatizo: aliyechoma anajua mlango wa nyuma ulipo, na baada ya mwafaka ndiye atakayekutana nawe kisimani.

Kabla jirani hajachomewa, huondolewa kwanza katika lugha. Katika ghasia za miaka ya 1990 na za 2008, waliohesabiwa kuwa wageni waliitwa madoadoa na kwekwe. Hapa ngeli inasema mengi. Jirani ni wa ngeli ya A-WA: jirani anakuja, majirani wanakuja. Doa ni la ngeli ya LI-YA: doa linafutwa, madoa yanafutwa. Mtu anapohamishwa kutoka ngeli ya viumbe hadi ngeli ya uchafu, kitenzi cha kufuta huja chenyewe. Kwa sababu hiyo, Tume ya Uwiano na Utangamano ilipoyaorodhesha maneno hayo mwaka 2022 miongoni mwa maneno ya chuki, ilikuwa inafanya kazi ambayo wanafunzi wa isimu na fasihi wangepaswa kuianza mapema zaidi.

Mpakani, ujirani haukurudishwa na jina la operesheni. Ulirudishwa polepole na haja ya soko, na vikao vya wazee, machifu na viongozi wa dini wa pande mbili. Wagusii wana vikao vya wazee vya etureti, na kiapo kizito kiitwacho emuma. Wakipsigis wana baraza la ujirani liitwalo kokwet. Taasisi hizi hazina bendera wala balozi, lakini ndizo zenye kujua ng'ombe fulani aliibwa lini na alipitishwa wapi. Katika mambo ya Borabu na Sotik, huo ndio uhusiano wa nje unaoamua kama watu watalala usiku.

5.0 Funzo kutoka El Salvador

Huenda msomaji akauliza kuna haja gani ya kuitaja nchi ya Amerika ya Kati katika mambo ya Gusii. Jibu limo katika ardhi. El Salvador ni nchi ndogo iliyojaa watu, na katikati ya karne ya 20 raia wake wengi walihamia nchi jirani ya Honduras kutafuta mashamba na kazi. Mwaka 1969 Honduras ilipotekeleza sheria ya ardhi iliyowanyima wageni haki ya kumiliki mashamba, makumi ya maelfu ya Wasalvador walifukuzwa. Julai mwaka huo nchi hizo mbili zilipigana vita vya siku chache, ambavyo vyombo vya habari viliviita vita vya soka.

Waliofukuzwa walirudi katika nchi isiyokuwa na ardhi ya kuwapa. Wanahistoria huihesabu hali hiyo miongoni mwa sababu zilizochochea vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1980 hadi 1992, vilivyoua watu wapatao 75,000. Vita hivyo vilimalizwa kwa mapatano yaliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa na kutiwa saini Chapultepec, Mexico, tarehe 16 Januari 1992. Septemba mwaka huo huo, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mzozo wa mpaka kati ya El Salvador na Honduras. Tume ya ukweli ilitoa ripoti Machi 1993, na kabla ya juma moja kwisha bunge likapitisha msamaha kwa watuhumiwa. Ilipita miaka 23 kabla ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo kuubatilisha msamaha huo, mwaka 2016.

Miezi miwili ya Kenya si miaka kumi na miwili ya El Salvador, na haifai kuyalinganisha mambo haya kana kwamba ni sawa. Funzo, hata hivyo, ni bayana. Watu wanaposukumwa kutoka kwa jirani na kurejeshwa katika ardhi iliyojaa, utulivu wao wa mwanzo usidhaniwe kuwa ni amani. El Salvador ilipata mapatano zaidi ya miaka ishirini baada ya kufukuzwa kwa watu wake, wakati hasara ilikwisha kuwa kubwa mno.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa mkono wa nje uliikomboa Kenya kutoka ukingoni mwa shimo, na kwamba maandishi yaliyozaliwa na mapatano ya 2008 yameacha taasisi zenye manufaa. Pamoja na hayo, kipimo kilichotumiwa kujua kama nchi imepona kilikuwa na kasoro. Mahema yalipokunjwa, ilitangazwa kuwa watu wamerudi nyumbani. Wale ambao hawakuwa na mahema ya kukunjwa hawakutangaziwa lolote.

Kutokana na uchambuzi huu, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, mipango ya fidia imtambue mwenyeji pia, kwa maana ndugu aliyegawa nusu ekari yake aliibebea serikali jukumu lake. Pili, vikao vya ujirani vya mpakani viungwe mkono wakati wa utulivu, si wakati wa uchaguzi pekee. Tatu, wanafunzi wa Kiswahili walioko Kisii, Nyamira, Bomet na Kericho wakusanye simulizi za waliofurushwa na za waliowapokea, wa pande zote za mpaka, kabla wazee hawajaondoka nazo. Ahadi ni deni, nalo deni la mwaka 2008 halijalipwa lote. Hatua ya kwanza ya kulilipa ni kumwita anayedai kwa jina linalomstahili.